Proctorio, LockDown Browser na Safe Exam Browser (SEB): ipi inakuchungulia zaidi?

Hamjambo watazamaji, karibuni. Uwe Kisumu, Kakamega au Njoro, leo tunapima programu tatu za kusimamia mtihani mtandaoni kwa swali moja tu: mtihani ukiisha, wenye programu na chuo wanabaki na nini chako?

Proctorio kwanza. Hii ni kiongezi (extension) cha kivinjari cha Chrome, na ukiiweka inaomba ruhusa ya kusoma kurasa unazofungua. Usikubali kwenye Chrome yako ya kila siku. Bonyeza ile picha yako juu kulia, ongeza profaili mpya, ingia kwa barua pepe ya chuo, kisha weka kiongezi humo. Ukimaliza mtihani, futa profaili nzima. Ukikiweka kwenye Chrome ya kila siku, kiongezi kinabaki palepale unapofungulia benki.

LockDown Browser ya Respondus inafunga kompyuta yote hadi uwasilishe majibu. Peke yake haikurekodi. Chuo kikiongeza Monitor, yaani nyongeza yake ya kurekodi, ndipo kamera na maikrofoni zinawaka. Ukiombwa kitambulisho, onyesha cha chuo. Cha taifa kiache mfukoni, isipokuwa wamekidai kwa maandishi.

Sasa kero yenyewe: kutakiwa uzungushe kamera chumbani wakague. Kwa bedsitter ya mtaa wa Kondele, Kisumu, "chumba" ni kitanda, jiko na nguo kwenye kamba, tena pengine kuna mtu amelala. Tundika leso kutenga kitanda mapema na umwarifu mwalimu, usije ukashukiwa unaficha kitu. Huko Ohio, Agosti 2022, jaji wa shirikisho aliamua kwamba Cleveland State University ilivunja Katiba ya Marekani kwa kukagua chumba cha mwanafunzi namna hiyo. Uamuzi huo hautufungi huku, ila hoja yake ni nzito.

Usikae dirisha likiwa nyuma yako. Kamera hufuata mwanga wa nje, uso unakuwa kivuli, na programu inakuwekea alama ya kutoonekana. Taa iwe mbele, usawa wa macho. Bando nalo: video ikipanda kwa kilobiti 500 kwa sekunde, saa mbili zinakula takriban MB 450.

SEB, yaani Safe Exam Browser, imetoka ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, ni ya bure, na inashikana na Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni. Inaweza kufunga kompyuta bila kukutazama usoni kabisa. Kwangu hii ndiyo ya kwanza. Ubaya wake, haiko kwa Android, kwa hivyo mwenye simu tu ataenda maabara ya chuo.

Video ikisharekodiwa, iulizie. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kupata data yako, na kanuni zake za 2021 zinakipa chuo siku 7 kukujibu, bila malipo. Na kama mashine pekee ndiyo imeamua uliiba mtihani, taja kifungu cha 35 cha sheria hiyo na udai binadamu aitazame upya. Mwandikie afisa wa ulinzi wa data wa chuo: video iko seva ya nani, nchi gani, na itafutwa lini? Wakinyamaza, malalamiko yanapelekwa kwa Kamishna wa Data, ukiambatisha nakala ya barua yenye tarehe.