Kipima unyevu cha kuning'iniza: chukua chenye namba tatu

Ninaanika dagaa huku Mwanza, na kidude hiki kimekaa kwenye nguzo ya kibanda changu tangu masika. Bei 35,000, betri moja ndogo. Kinaonyesha joto, unyevu kwa asilimia, na kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke unaanza kugeuka maji. Vya bei ya chini havina hiyo namba ya tatu. Ongeza hela.

Wengi wanadai vipimo hivi vinadanganya mvua ikikaribia. Havidanganyi. Mchana wa wingu la radi, changu husoma nyuzi 30, unyevu 52, umande 19. Ule upepo wa baridi ukishafika, kabla hata ya tone la kwanza: 23, 70, 17. Asilimia imepanda, na bado mvuke wenyewe umepungua! Upepo huo unaporomoka kutoka juu, kwenye hewa kavu zaidi. Asilimia inapanda kwa kuwa hewa ikipoa uwezo wake wa kubeba mvuke unashuka, karibu asilimia 6 hadi 7 kwa kila nyuzi moja. Mvua ikikolea, matone mengine yanageuka mvuke yakiwa bado njiani, umande unarudi 19 na unyevu unavuka 90.

Kasoro yake ni kuchelewa kusoma. Upepo umeshanipiga usoni, chenyewe bado kinajivuta dakika kadhaa. Anayetaka kitabiri mvua asinunue, atazame wingu na turubai liwe karibu.

Faida niliiona baada ya mvua. Jua likichomoza kila mtu anakimbilia kufunua, kumbe hewa iko 88, na dagaa waliokaribia kukauka wananyonya unyevu upya. Mimi nasubiri ishuke chini ya 70. Jirani alinicheka, sasa anakuja kuchungulia.

Kabla ya kukiamini, kifunge usiku kucha kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kifuniko chenye chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo, iwe kama uji mzito. Kinatakiwa kisome 75. Changu kilisoma 78, kwa hiyo natoa tatu kwenye unyevu kila mara (kwenye namba za hapo juu nimeshatoa). Usikitundike chini ya bati.

Nyota 4. Hakina kengele, na radi za ziwani hupenda kupiga usiku.