TAHADHARI: Muuzaji wa "kambale wa Mtera" hapa Dodoma

Ndugu wakazi wa Dodoma mnaoagiza kitoweo kwa simu, jihadharini na muuzaji anayetangaza "kambale wa Mtera wa kubanika", ambaye hutaka alipwe kwanza ndipo ampe bodaboda mzigo. Picha anayotuma ni ya kambale wazima wenye sharubu zao, ila nilicholetewa mimi ni vipande vya kamongo, samaki mwingine kabisa, visivyo na vichwa wala mikia, vilivyokaushwa kwa moshi hadi vikawa vyeusi. Nilipompigia, alijibu bila kusita kwamba hajadanganya mtu, kwani jina la Kiswahili la samaki huyo ni kambaremamba, na kambare na kambale ni mamoja.

Ujanja wake wote umejificha katika majina hayo. Huko Ziwa Victoria wengi humwita kamongo, jina lililotoka kwa Wajaluo. Waganda humwita mamba. Na kambaremamba ni jina utakalolikuta zaidi vitabuni. Hata hivyo, si jamii ya kambale hata kidogo. Ukoo wake ni wa kale mno, wa karibu miaka milioni 400, naye ana mapafu mawili yanayomlazimu kupanda juu ya maji kuvuta hewa. Sina ugomvi na wanaompenda, na wapo wengi. Ninachokataa ni kulipia samaki mmoja na kuletewa mwingine.

Kamongo akiwa mzima hakuna wa kumkosea, kwa kuwa mapezi yake ni membamba kama nyuzi. Akishakatwa, tazama ngozi: ya kambale haina magamba kabisa, lakini ya kamongo ina magamba madogo yaliyozama ndani. Kisha kata kipande katikati. Kambale ana pingili ngumu za uti wa mgongo, ilhali kamongo ana mhimili laini ambao kisu cha jikoni hupita bila shida.

Lililonisukuma kuandika ni zaidi ya kitoweo. Mama mmoja jirani yangu aliuziwa vipande vya namna hiyo na muuzaji huyohuyo, safari hii kwa jina la kamongo na kwa bei ya juu zaidi, akiahidiwa kwamba mchuzi wake utamfanya mwanawe aichukie pombe. Huo ni uongo wa hatari, maana mtu aliyezoea pombe kali kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kupata degedege, na anahitaji uangalizi wa daktari. Hospitali ya Mirembe, ya afya ya akili, iko hapa hapa mjini.

Kwa hiyo, mwambieni alete samaki mwenye kichwa, na mlipe baada ya kumwona. Mliokwisha kulipa msifute ujumbe wa tangazo wala wa muamala, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na malalamiko yasiyo na ushahidi hayafiki mbali.