Kujifunza SEO na kocha hapa Nakuru: uzoefu wangu nikiwa muuza miche

Nauza miche Bahati, kando ya barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu: avokado ya Hass iliyopandikizwa (yaani iliyounganishwa kwenye shina la mche mwingine), matunda damu, pasheni na miti ya kivuli. Wateja wangu wengi walikuwa wapita njia, au watu walioelekezwa na jirani. Tovuti ilikuwepo lakini haikuniletea mtu. Ndipo nikamlipa kocha anifundishe SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane mtu anapotafuta kitu Google. Wenzangu wenye biashara ndogo huniuliza kama pesa hiyo inarudi. Kwangu imerudi, lakini si kila mtu ningemwambia alipe.

Ada ya mwezi ilikaribia bei ya miche hamsini ya Hass. Si pesa ndogo, hasa miezi ya kiangazi ambapo hakuna anayechimba shimo. Tulikutana mara moja kwa wiki mjini, karibu na Kenyatta Avenue, na katikati ya wiki nikamuuliza maswali kwa WhatsApp. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba siku ya kwanza alikataa kuniahidi nafasi ya kwanza. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna anayeweza kuihakikisha, na waliwahi kueleza kwamba kwa kawaida kazi hii huchukua miezi 4 hadi mwaka mzima kabla ya faida kuonekana. Ukipigiwa simu na mtu anayekuahidi ukurasa wa kwanza kwa wiki mbili, kata simu.

Tulianza na Search Console, chombo cha bure cha Google kinachokuonyesha watu waliandika nini hadi wakaiona tovuti yako, wangapi waliibofya, na ilikuwa nafasi ya ngapi. Yangu haikuonyesha chochote. Kumbe kijana aliyenijengea tovuti alikuwa ametia tiki kile kisanduku cha WordPress, programu ya kujengea tovuti, kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Hutumika wakati wa ujenzi, kazi ikiisha tiki huondolewa. Yangu ilibaki. Mwalimu hakuiondoa yeye. Alinionyesha ilipo, akaninyamazia hadi nikaiondoa kwa mkono wangu na kuomba ukurasa ukaguliwe upya. Hivyo ndivyo alivyofundisha hadi mwisho, na kwa maoni yangu hapo ndipo thamani ya ada yake ilipo. Maelezo yenyewe yapo bure. Google ina mwongozo wake wa wanaoanza na yeyote anaweza kuusoma. Usichokipata kwenye mwongozo ni mtu anayeketi kando yako na kuitazama tovuti yako wewe.

Somo lililonifaa kuliko yote lilikuwa la maneno ya utafutaji. Tovuti yangu ilikuwa na yaleyale ya kila muuza miche: miche bora, bei nafuu, karibuni wote. Mwalimu akaniuliza, "Mama, mkulima akikupigia simu, huuliza nini kabla ya bei?" Nikamwambia huuliza shimo liwe la kina gani, mti utazaa baada ya muda gani, na kama Hass itavumilia baridi ya Molo. Akasema, "Basi kila swali lipe ukurasa wake."

Nikaandika. Shimo la futi 2 kwa futi 2, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza, na pale mche ulipounganishwa na shina pabaki juu ya ardhi. Nikaandika kwamba Hass iliyopandikizwa huanza kuzaa karibu mwaka wa 3, na kwamba aliye juu sana kwenye baridi atafute ushauri kabla hajanunua kwangu au kwa mwingine. Kila ukurasa ukapata kichwa chake kinachosema kilichomo ndani, maana awali zote zilikuwa na jina la biashara tu. Ile orodha ya maneno inayofichwa ndani ya ukurasa, ambayo bado kuna wanaoiuza kama huduma, alinikataza kupoteza muda nayo. Google ilitangaza mwaka wa 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Picha nilizipunguza ukubwa, kwa kuwa zile za moja kwa moja kutoka kwa simu zilikuwa nzito na mkulima aliyeko shambani Subukia hawezi kumaliza bando akisubiri picha ya mche ifunguke. Google inataka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na huitazama tovuti kama inavyoonekana kwenye simu.

Wasifu wa biashara kwenye ramani ya Google ndio ulioleta simu za kwanza. Nao ni bure. Tuliweka saa za kufungua, aina ya biashara, picha za kitalu, na alama mahali lango lilipo hasa. Google husema matokeo ya karibu hupangwa kwa mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na kinachotafutwa, umbali, na inavyojulikana. Umbali siwezi kuubadilisha, kwa hiyo nilishughulikia hayo mengine. Wateja nikawaomba waandike maoni yao, bila kuwapa mche wa bure, maana zawadi kwa ajili ya maoni imekatazwa.

Ambapo sikuridhika: somo la data ya muundo, ile misimbo inayoieleza mashine kwamba hii ni biashara, hii ni anwani, lilikwenda mbio na maneno mengi ya kitaalamu, nikatoka na karatasi tu. Kuhusu viungo, yaani linki za kuja kwangu kutoka tovuti nyingine, alinieleza vizuri kwa nini nisivinunue, lakini namna ya kuvipata kwa haki alipita juu juu. Kimoja nilijitafutia mwenyewe kwa duka la pembejeo ninaloliuzia miche. Kwa ada ile, hapo nilistahili zaidi.

Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16, kwa hiyo nimeweza kulinganisha mvua ndefu za mwaka huu na za mwaka uliopita. Anayetafuta miche ya avokado Kenya nzima bado haanzi na mimi. Anayeongeza neno Nakuru, au kuuliza kuhusu shimo, huniona. Simu zimetoka Njoro, Rongai, hata Eldama Ravine, na wengi huwa wameshasoma, kwa hiyo tunazungumzia idadi na usafiri.

Ukitafuta kocha, hakikisha akaunti zote zimefunguliwa kwa barua pepe yako wewe, si yake. Mwombe akuonyeshe tovuti aliyoifanyia kazi na takwimu zake, mwenye tovuti akiridhia. Na kama huna jioni mbili tatu kwa wiki za kuandika, ni afadhali umlipe mtu akufanyie, kwa sababu kocha wa kweli atakurudishia kazi kila mara. Mimi na mwalimu tulimaliza mkataba wa kila mwezi kabla ya mvua ndefu. Sasa namlipa kwa saa ninapokwama, na saa ijayo nimeiweka kwa lile somo la data ya muundo.