Waifai imepotea baada ya kerneli mpya: urudi ya zamani au ujenge draiva upya?

Laptopu ya Ubuntu (aina ya Linux) imesasishwa jana usiku, ikapata kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo. Asubuhi, kwenye meza ya fundi pale River Road, Nairobi, inawaka vizuri ila waifai haionekani kabisa.

Kurudi kerneli ya zamani ni dakika mbili. Bonyeza Esc inapowaka (Shift kwa mashine kuukuu), menyu ya GRUB (ya kuchagua mfumo wa kuwasha) itokee, uchague toleo la nyuma. Waifai ikirudi, kadi ni nzima. Kwangu hicho ni kipimo, si tiba: ukibaki humo, viraka vya usalama vinakupita.

Kujenga draiva (programu inayoendesha kadi) upya kwa DKMS, zana inayoijenga tena kila kerneli ikibadilika, ndiko kunakodumu, ila kuna usumbufu wake. Baadhi ya kadi za Broadcom hutegemea draiva ya nje ya kerneli, na bila faili za heda (maelezo ya kerneli yanayohitajika kujengea draiva) za toleo lilelile linalotajwa na amri `uname -r`, haijengeki. Kuzipakua kunataka intaneti, ambayo ndiyo huna! Chomeka simu kwa waya wa USB, utumie bando lako. Secure Boot (kinga inayokagua saini za programu mashine inapowaka) ikiwa imewashwa, moduli ya draiva isiyotiwa saini itakataliwa. Na draiva isipoikubali kerneli mpya kabisa, rudi ya zamani usubiri.