Fundi wa Kariakoo aliyenijazia SSD mpaka pomoni

Hasira bado zipo, mnivumilie. Nimesubiri siku kadhaa zipoe, hazijapoa.

Nina studio ya picha Sinza, harusi na sendofu, vijana wanne wanahariri kwa pamoja kutoka seva moja. Diski zake ni zile za kuzunguka, nzito, nikashauriwa niweke SSD, diski ya kasi isiyozunguka, mbele yake iwe kache, yaani pa kupokelea na kushikilia kwa muda data inayotumika. Duka moja Kariakoo wakaniuzia, fundi wao akaja kufunga. Wiki za mwanzo raha tupu, nikamsifia yule kijana kwa kila mtu.

Ikaja Jumapili moja baada ya sherehe mbili. Tunahamisha picha, ule mstari wa kijani unakwenda, unasimama. Unasogea kama ukucha, unasimama tena. Bibi harusi anapiga simu, anataka picha tano tu awatumie wakwe, nami namwambia "sasa hivi mwanangu" tangu adhuhuri mpaka magharibi.

Nikampigia fundi. Nilishasoma kidogo, nikamuuliza kwa adabu: kaka, uliacha nafasi tupu kwenye ile SSD? Akacheka, na wenzake pembeni nikawasikia wakicheka. "Mama, umelipia GB 500 unataka utumie 400? Wewe piga picha, kompyuta tuachie sisi."

Tuachie sisi! Mteja anauliza jambo la maana, anajibiwa shombo.

Maana SSD huandika kwa kurasa, yaani vipande vidogo, lakini hufuta kwa bloku nzima yenye kurasa nyingi, na palipokwisha kuandikwa hapaandikwi tena mpaka pafutwe. Chukulia stoo ya soda iliyojaa makreti hadi mlangoni, na gari la kiwanda linachukua tu kreti ambalo chupa zake zote ni tupu. Zile chupa chache zenye soda, yaani data ambayo bado inahitajika, lazima uzihamishie kreti jingine kwanza. Utazihamishia wapi kama huna hata kreti moja la akiba? Kompyuta ya nyumbani mara nyingi haijai, inapumua. Kache kazi yake ni kujaa, ikiona nafasi inaingiza kitu. Ndiyo maana SSD ya kache huachiwa sehemu isiyogawiwa, asilimia 10, 20, hata zaidi kama inaandikwa sana. Isitoshe, huko kuhamishahamisha nako ni kuandika, kunakula umri wa SSD.

Akaja amenuna, akadai elfu thelathini, akaiunda kache upya kwa GB 400, akaondoka. Haikubadilika kitu! Zile 100 zilizobaki zilishaandikwa zamani, na SSD haijui kwamba hazihitajiki mpaka iambiwe kwa amri ya TRIM, au ifutwe yote. Kwake yeye yale bado ni makreti yenye soda.

Nikafanya mwenyewe, usiku, vijana wameshaondoka. Kwanza nikahakikisha data yote iliyokuwa inasubiri ndani ya kache imeteremka kwenye diski. Ukiruka hapo umepoteza harusi ya mtu, na harusi hairudiwi. Nikaivunja kache, nikaifuta SSD nzima, nikagawa GB 400 na 100 sikuzigusa. Jumapili iliyofuata mstari wa kijani ulikwenda mpaka mwisho bila kusimama, nikabaki nauangalia tu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msinunue SSD hii. Lakini SSD haina kosa, naipenda, nitaongeza nyingine. Duka pia bei zao nzuri, mzigo halali, nyaya yule kijana alizipanga vizuri kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwita. Basi nyota tatu.

Hapana. Nikikumbuka kile kicheko, mbili. Na elfu thelathini yangu ya ile safari ya pili naidai mpaka leo.