Nyali hadi Vipingo kwa baiskeli: kabla ya kulipa, uliza nani anakaa nyuma

Kama unafikiria kujiunga na hii misafara ya baiskeli ya Jumapili hapa Mombasa, usianze kuuliza nani anaongoza. Wa mbele hawakosekani, kila mwenye miguu anautaka huo umbele. Uliza nani anakaa nyuma. Mimi tangu mwezi wa sita nimetoka na makundi mawili, la kwanza mara moja tu, la pili mara saba, na tofauti yao yote ni huyo mtu wa mkia. Majina siyataji, sitaki ugomvi na mtu.

Kwanza mnijue, ili mjue maneno haya yanamfaa nani. Nina miaka 38, ni karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, nashinda nimekaa. Baiskeli mara ya mwisho niliendesha nikiwa shule ya msingi Kisauni, tena ya kuazima. Kaka yangu alipopata kazi Doha aliniachia baiskeli yake ya mbio, mtumba wa Ulaya, nyepesi mpaka naiinua kwa mkono mmoja. Ilikaa ukumbini miezi mitatu. Hewa ya bahari haina huruma: nilipoamua kuishusha, cheni ilikuwa rangi ya karafuu na bolti ya kiti imeshika kutu, fundi wa Kongowea akaipiga mafuta na kuiacha usiku kucha ndipo ikafunguka. Akateremsha kiti mpaka kikagota. Bado ilikuwa kubwa kwangu, maana kushusha kiti hakupunguzi umbali wa kutoka kitini mpaka kwenye usukani. Hilo nilikuja kulielewa mabegani, kwenye kilomita ya ishirini.

Kundi la kwanza lilitangaza kwa herufi kubwa kwamba hakuna anayeachwa. Ada shilingi 500, maji na gari la kufuata humo humo. Tukakutana Nyali saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, giza bado, watu kama thelathini hivi, taa nyekundu zinamemeta kila upande. Pazuri, sitasema uongo. Bamburi tukaipita kabla ya matatu kuchangamka, harufu ya mahamri inatoka vibandani. Mpaka Shanzu nilikuwa nao. Baada ya daraja la Mtwapa barabara inapanda kidogo, kilima ambacho ndani ya gari hukihisi hata kidogo, na hapo nikaanza kuona taa nyekundu zikipungua mbele yangu. Kufika Kikambala nilikuwa peke yangu na malori ya Malindi. Kisha gurudumu la nyuma likaanza kuyumba kama lina usingizi. Pancha.

Chini ya mwarobaini kando ya barabara palikuwa na mzee ndiyo kwanza anafungua kibanda chake, karai la maji liko tayari. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaipindua baiskeli miguu juu bila kuuliza lolote. Akachomoa tyubu, akaipitisha majini kipande kwa kipande mpaka tukaona uzi mwembamba wa mapovu. Akapapasa tairi kwa ndani kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. "Mwiba kweli, mwanangu," akasema. "Afadhali kuliko kigae." Akakwangua kwa msasa, akapaka solushen, akaipuliza, akabandika kiraka. Shilingi 50.

Tukakwama kwenye kujaza upepo. Baiskeli nyingi za mbio zina valvu nyembamba ndefu, na pampu ya mzee ilikuwa ya baiskeli za kawaida, kichwa chake kinapwaya pale juu kama kofia ya baba kwa mtoto. Kumbe kipo kikofia kidogo cha shaba kinachozungushiwa juu ya hiyo valvu, na pampu yoyote ikakubali. Bei yake haifiki sahani ya pilau. Mimi sikuwa nacho, na katika maelezo yote tuliyotumiwa kabla ya safari, pamoja na rangi ya fulana, hakuna aliyekitaja.

Nikampigia mratibu simu mara nne. Mwisho ukaja ujumbe: "Tuko Vipingo, rudi pole pole." Nirudi na nini? Nilipanda bodaboda mpaka Mtwapa, baiskeli nimeipakata ubavuni, pedeli inanichoma paja kila tuta, na Malindi Road mwajua matuta yake. Lile gari la kufuata lilikuwa limewafuata wa mbele ili wapigwe picha. Ada sikurudishiwa, wala pole sikupewa.

Nilitaka kuacha. Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyenivuta kwenye kundi la pili. Hawa ada yao ni 300 ukija na baiskeli yako, 1,500 wakikukodisha. Nilikodi mara mbili za mwanzo, na siku ile nilipokalia baiskeli ya kimo changu nilitaka kumpigia kaka nimwambie yake ni ya twiga. Kabla ya kuondoka wanakufundisha lugha ya mikono: kidole chini, shimo; kiganja wazi nyuma ya mgongo, tunasimama; mkono ukipungwa nyuma ya kiuno, kuna gari limeegeshwa, sogea. Na sauti inapokezwa kutoka mbele mpaka nyuma: "Shimo! Mchanga! Tuktuk!" Mchanga ndio wa kuogopa kuliko shimo. Tangu ujenzi wa kupanua barabara ya kwenda Kilifi uanze, kuna mahali kifusi kimemwagika mpaka kwenye lami, na tairi nyembamba zile zikiingia humo usishike breki, acha zipite zenyewe.

Mtu wao wa mkia ni mzee aliyestaafu bandarini, sote twamwita ami. Hapiti mtu. Ukisimama kufunga kamba ya kiatu, anasimama. Mfukoni ana tyubu mbili, pampu ndogo na, naam, kile kikofia cha shaba.

Thamani yake niliijua mwezi wa saba, wakati wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Asiyewahi kuendesha hawezi kujua kusi ni nini. Sisi wa Mombasa twalijua kwa mashua na kwa nguo zinazokauka haraka. Ukitoka Nyali kwenda Vipingo linakusukuma mgongoni. Unajiona bingwa. Mashamba ya mkonge yanapita huku na huku, unajiambia kumbe mwili ulikuwa nao muda wote. Kisha mnageuza. Ile kilomita ya kwanza ya kurudi nilidhani breki imebana, nikainama kuitazama. Breki ilikuwa salama, ni upepo ulikuwa unadai ulichonikopesha.

Ami akanisogelea ubavuni. "Ingia nyuma yangu, mwanangu. Nusu mita, usizidishe. Usilitazame gurudumu langu, nitazame mgongoni."

Nikaingia. Ni kama kuingia ndani na kufunga mlango: mvumo masikioni ukakatika, miguu ikapata nafuu pale pale. Kwenye barabara tambarare sehemu kubwa ya nguvu za mwendeshaji huliwa na hewa, na ukikaa vizuri nyuma ya mwenzio unaokoa kama robo yake, pengine zaidi. Hata Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara 4, alikuwa na timu nzima ya kumkatia upepo. Mimi nilikuwa na ami, mwenye fulana iliyopauka na redio ndogo mfukoni, na alinivuta hivyo kutoka Vipingo mpaka Mtwapa bila kugeuka nyuma zaidi ya mara tatu. Saa yangu ilisoma kilomita 63 tulipofika Nyali. Nikala mahamri matano na mbaazi za nazi, na sikumbuki kama nilizungumza na mtu.

Sasa kwa wanawake wenzangu, maana hili nimeulizwa sana. Hijabu na helmeti vinakaa pamoja, ila uache pini na mitandio ya kuteleza. Mimi nafunga kitambaa chepesi cha pamba, fundo liwe chini kabisa ya kisogo, helmeti inakaa juu bila kuyumba. Ndani navaa suruali yenye sponji, usiibanie pesa hiyo, na juu suruali pana ambayo mguu wa kulia naubana kwa mpira. Siku moja nilisahau huo mpira. Pale Shanzu cheni ikauma kitambaa, ikakivuta mpaka ikasimama, nami nikaenda chini polepole mbele ya stendi nzima ya bodaboda. Hawakucheka. Mmoja akaja na kisu, akasema, "Dada, twakata au twarudisha nyuma?" Tukarudisha nyuma, pedeli kinyume, suruali ikatoka na meno ya grisi ambayo sabuni haijayaweza mpaka leo. Mama mkwe akiiona hutikisa kichwa tu, baiskeli yenyewe haitaji tena.

Kundi hili la pili nalo lina kasoro zake. Saa kumi na mbili kasorobo yao ni saa kumi na mbili na robo, na robo hizo unakuja kuzilipa saa tatu, jua likishakaa utosini. Vituo vya picha ni vingi mno. Moja ya baiskeli nilizokodi ilikuwa na raba za breki zilizolika mpaka chuma kinalia kwenye rimu. Walibadilisha nilipolalamika, lakini hiyo si kazi ya mteja kuigundua barabarani, kwa hiyo ukikodi minya breki zote mbili na uisukume mbele kabla hujatia sahihi. Lingine ni choo. Safari ya muda wa saa nne, na mpango wa choo ni "kuna petroli steshen". Wanaume hawana habari, wana vichaka. Nimelisema mara mbili kwenye kikao, nikajibiwa litaangaliwa.

Maji beba chupa mbili, moja utie chumvi kidogo na sukari, kwa sababu unyevu wa hapa jasho halikauki, linatiririka tu na chumvi yako. Dafu la Kikambala njiani kurudi ni zuri kuliko vinywaji vyote vya rangi.

Mwezi uliopita tulikwenda upande wa pili, kwa barabara ya Dongo Kundu, ile inayokuvusha Kusini bila kivuko cha Likoni. Lami laini, mabega ya barabara mapana, na daraja la Mteza lenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu juu ya maji na mikoko. Ni pazuri kuliko Malindi Road mara kumi kwa usalama. Lakini juu ya daraja upepo unakuja kwa ubavu, hakuna mgongo wa kujificha, na nilimwona kijana mwepesi wa mbele akiyumba mpaka karibu na mstari wa katikati. Kwa anayeanza ningesema asubiri safari ya tatu au ya nne.

Pesa yangu nawapa hawa, na nitaendelea kuwapa maadamu ami bado yuko. Magoti yananiuma Jumatatu, lakini mgongo wa kiti cha ofisi umepona. Sasa nangojea kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Litatupinga wakati wa kwenda, miguu ikiwa mipya, halafu liturudishe nyumbani.