Mwaka mmoja na tmux: nilivyobadilisha majina ya madirisha na kii zangu baada ya kufuta oda za mteja

Niseme mapema, mi sio mtaalamu wa kutisha, ni fundi wa kawaida tu wa kuangalia seva za watu, nipo Dar, wateja wangu wengi wana maduka ya mtandaoni na mifumo midogo midogo ya stoo. Seva zenyewe ziko Ulaya huko. Nina kiseva kimoja cha bei chee nakiita kijiwe, tmux yangu (programu ya kufungua madirisha mengi ya kuandikia amri, yanayoendelea kuishi hata ukikatika) inakaa humo, halafu kutoka kijiweni ndo naruka kwenda kwenye seva za wateja kwa ssh, ile amri ya kuingia seva ya mbali. Sababu ni umeme. Ukikatika, laptopu ina chaji lakini rauta inazima, na kama ulikuwa katikati ya kazi ndefu imekula kwako. Nikiwa na tmux umeme ukate mara kumi, nawasha data ya simu, nafungua Termux (terminali ya kwenye simu), naingia kijiweni, naandika tmux attach, nakuta kila kitu kilekile nilivyokiacha. Kwa hilo peke yake naipa nyota tano na sina ubishi.

Ila jinsi inavyokuja toka dukani (duka gani, ni ya bure), hapo ndo nina maneno.

Mwanzoni niliitumia vilevile ilivyo, sijagusa kitu. Sasa tmux ina tabia ya kulipa dirisha jina la programu inayokimbia ndani yake muda huo. Wazo zuri kama unafanya kazi kwenye mashine yako, utaona vi (ya kuhariri mafaili), utaona bash (inayopokea amri zako), utaona top. Mimi kazi yangu yote ni ssh. Kwa hiyo mstari wa chini unasomeka 0:ssh 1:ssh 2:ssh 3:ssh 4:ssh, mpaka mwisho. Unaishi kwa kukariri, eti mbili ni duka la nguo la majaribio, tatu ni duka la nguo la ukweli. Siku moja asubuhi nataka kusafisha data za majaribio, nipo ndani ya MySQL (hifadhidata ya duka), na pale hata hostineimu, jina la seva, haionekani, kuna mysql> tu inakukodolea macho, nikaandika truncate table oda, yaani futa oda zote, nikabonyeza enta. Ikajibu Query OK haraka sana. Nilikuwa dirisha la tatu.

Bakapu ilikuwepo ya saa tisa usiku, kwa hiyo kilichopotea ni oda za kuanzia hapo mpaka saa nne asubuhi. Mimi na mwenye duka tulikaa na simu yake tunasoma meseji za M-Pesa moja moja tukirudisha nani kanunua nini. Dada wa watu hata hakufoka, alinyamaza tu, na ile ndo iliniuma zaidi.

Jioni ileile nikakaa chini na faili la ~/.tmux.conf, lenye mipangilio ya tmux.

Kubadilisha jina la dirisha kwa mkono ni rahisi, unabonyeza prifiksi (kii ya kuiamsha tmux kabla ya kuipa amri) halafu alama ya mkato, unaandika jina, basi. Na ukishalipa jina mwenyewe, tmux inaacha kujibadilishia kwenye dirisha hilo, ile automatic-rename inajizima kwa dirisha hilo tu. Tatizo ni binadamu. Siku mbili za kwanza unaweka majina vizuri, siku ya tatu simu inalia mteja analalamika, unafungua dirisha haraka haraka hukumbuki jina, unarudi palepale pa ssh ssh ssh. Nikaona hapana, hii kazi isitegemee kichwa changu, nikaandika kifanyio kidogo (function) kwenye .bashrc ya kijiweni, faili ambalo bash inalisoma ikianza:

ssh() {
  tmux rename-window -t "$TMUX_PANE" "$1"
  case "$1" in *live*) tmux setw -t "$TMUX_PANE" window-status-style bg=red ;; esac
  command ssh "$@"
  tmux setw -t "$TMUX_PANE" -u window-status-style
  tmux setw -t "$TMUX_PANE" automatic-rename on
}

Yaani nikiandika ssh nguo-live, dirisha linajiita nguo-live lenyewe, na kwa kuwa jina lina neno live linawaka jekundu kule chini. Nikitoka, wekundu unafutika na jina linarudi kujiendesha. Seva zote nimezipa majina mafupi kwenye ~/.ssh/config maana kifanyio kinachukua neno la kwanza tu, ukianza na -p na namba ya poti kinagoma. Ule wekundu ndo umenisaidia kuliko jina lenyewe, kusema ukweli. Jina unaweza kulipita bila kulisoma ukiwa na usingizi, lakini ukiona nyekundu mkono unasita wenyewe. Na madirisha yakiwa na majina, hata ile prifiksi halafu w ya kuorodhesha kila kitu inaanza kuwa na maana, zamani ilikuwa inaniletea orodha ya mapacha.

Kama uko kwenye toleo la zamani angalia pia allow-rename, hiyo inaruhusu programu ya ndani kubadilisha jina la dirisha lako. Izime: set -g allow-rename off. Matoleo mapya huja ikiwa imezimwa tayari.

Sasa kii, yaani vibonyezo. Prifiksi ya kawaida ni Ctrl+b, na kwa vidole vyangu ni mateso, kidole kidogo huku, cha shahada kinavuka kibodi kwenda kutafuta b. Nilikuwa najiuliza aliyetengeneza aliwaza nini, kumbe Nicholas Marriott alipoanza kuitengeneza mwaka 2007 alikuwa anafanyia kazi ndani ya screen, programu ya kazi hiyohiyo, ile ya zamani ya tangu 1987, na screen inatumia Ctrl+a, kwa hiyo akachagua b zisigombane. Basi, sote tukabaki na b.

Mimi nilitoka screen kwa hiyo nikakimbilia Ctrl+a. Wiki nzima. Kisha nikagundua kwenye bash Ctrl+a ndo ya kurudi mwanzo wa mstari na mimi naitumia kutwa, kila saa nabonyeza hakuna kinachotokea. Sasa hivi natumia Ctrl+Space, mistari mitatu tu: unbind C-b, set -g prefix C-Space, bind C-Space send-prefix. Dole gumba linashuka tu. Kwenye Mac nasikia wengi wanagongana na ile ya kubadilisha lugha ya kibodi, kwangu Linux hakuna shida.

Kugawa dirisha nimetoa % na ile alama ya kunukuu nikaweka | na -. Najua | nayo inataka Shift, ila angalau umbo lake linakuambia ukuta utasimama wapi. base-index nimeiweka 1, maana sifuri iko ng'ambo ya kibodi. Ile renumber-windows ambayo kila mtu anaisifia nimeijaribu nikaitoa, ukifunga dirisha la pili la tatu linakuwa la pili, na mimi baada ya yale ya oda sitaki namba zinazohamahama. Pia escape-time ishushe mpaka 10, matoleo mengi yaliyopo huko kwenye seva yanasubiri milisekunde 500 kila ukibonyeza Esc, ukiwa kwenye vi unahisi mashine imelewa.

Kuna siku nilijifunga mwenyewe hadi nikacheka peke yangu. Nilitaka kii ya kusoma upya konfigi, kila mtu anayo, ni prifiksi halafu r. Nikaona sehemu watu wanaweka -n kwenye bind, nikadhani ni pambo, nikaandika bind -n r source-file ~/.tmux.conf na ujumbe wa "Konfigi imeingia". Kumbe -n maana yake kii inafanya kazi bila prifiksi. Nikasoma faili, safi. Nikaenda kuwasha upya enjiniksi, naandika systemctl restart nginx, kinachotokea kwenye skrini ni systemctl estat nginx, na kule chini Konfigi imeingia, Konfigi imeingia. Herufi r imetoweka duniani! Nikafungua faili kwa vi (bahati nzuri haina r), nikafuta -n, nikahifadhi. Nikabonyeza r ili isome upya. Ikasoma. Nikajaribu kuandika r tena, Konfigi imeingia.

Hapo ndo nikajifunza jambo ambalo ningetamani liandikwe kwa herufi kubwa: kusoma faili upya kunaongeza tu, hakufuti. Kii uliyoiweka jana inabaki kwenye kumbukumbu ya seva ya tmux (programu yake inayokimbia nyuma, sio mashine) hata ukiutoa mstari wake, mpaka uiambie unbind au uue seva nzima. Na kuua seva ndo kuua madirisha yote, sikuwa tayari. Sasa unaandikaje unbind -n r wakati r huna? Nimehangaika kama dakika ishirini hivi. Dawa ni prifiksi halafu nukta mbili pacha, ile sehemu ya amri ya tmux yenyewe inapokea herufi zote, haipitii kwenye kii za -n. Nikaandika unbind -n r pale, ikatoka. Amri ya tmux list-keys inakuorodheshea kii zote zilizo hai sasa hivi, tazama hapo kabla ya kuamini faili lako.

Kinachonikera bado: kijiwe kikizimwa chenyewe kwa ajili ya masasisho ya kenel, madirisha yote yanaondoka na majina yake. Nina kiskripti kinachofungua upya kwa majina, ila kilichokuwa kinakimbia ndani hakirudi.

Nyota nne na nusu basi.

Juzi dogo tunayesaidiana naye kazi alikaa kwenye laptopu yangu, akabonyeza Ctrl+b, kimya, akabonyeza tena, akageuka, "Bro, mbona tmux yako imekufa?" Nimeongeza set -g prefix2 C-b kwa ajili yake, sasa zote mbili zinafanya kazi, ila kwenye bash Ctrl+b ya kurudi herufi moja nyuma ndo imekwenda na maji. Siitumii sana, mishale ipo.